Nanaa Kwenye Ndoo Iliyopasuka: Mwongozo kwa Mpangaji wa Ilala

Mwongozo huu haumhusu mwenye bustani. Mwenye bustani ana kijana wa bustani, na kijana huyo anaijua kazi. Nakuandikia wewe uliyepanga chumba kimoja kwenye nyumba ya Kiswahili pale Bungoni, Gerezani au Buguruni: vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, korido katikati, na uani kuna bafu, choo, kamba za nguo na majiko ya mkaa sita yasiyopatana. Umechoka kununua fungu la nanaa, ukatumia majani sita kwenye chai ya Jumapili, na Jumatano ukayakuta yaliyobaki yamekuwa meusi kama karatasi ya kaboni. Umeamua utaotesha yako. Hongera sana. Utatumia misimbazi miwili na nusu ili kuokoa jero, na hicho ndicho kilimo cha mjini.

Anza kwa kujifunza kuitaja. Jani ni nanaa, mmea wake ni mnanaa, na neno lenyewe asili yake ni Kiarabu. Zile a mbili za mwisho zitamke zote. Ukimeza moja utakuwa umeomba mnana, yule ndege wa manjano anayesuka viota, na Kariakoo si mahali pa kufanyia mzaha: ukikubali kusubiri nusu saa, utaletewa. Vijana wa sokoni wengi husema minti. Ukiitaja kwa Kiingereza utaeleweka pia, ila bei nayo itakujibu kwa Kiingereza.

Pa kununulia pana historia yake. Soko kuu la Kariakoo, lile la paa la miavuli ya zege aliyoichora Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, na mtu alikuwa anaweza kuingia na kikapu kitupu akatoka na mji mzima. Likaungua usiku wa Julai 10, 2021, wafanyabiashara wakatawanyika, na nanaa nayo ikatawanyika nao. Mimi tangu hapo nimekuwa mtu wa Kisutu, kwa sababu Kisutu wananunua akina mama wa Upanga na wa Mtaa wa Jamhuri, watu ambao chatne kwao ni suala la heshima ya ukoo. Muuzaji aliyezoea kuchambuliwa na wateja wa namna hiyo hathubutu kuweka nanaa ya juzi juu ya meza. Mbele yangu anathubutu, lakini angalau anaona haya.

"Karibu, kaka."

"Asante, dada. Nanaa unauzaje?"

"Buku."

"Kafungu kenyewe haka?"

"Imetoka Lushoto hiyo, kaka'angu. Iangalie."

Niliiangalia. Ni kweli mboga nyingi za Dar zinashuka kutoka milima ya Usambara, lakini Kariakoo na Kisutu kila kilicho kijani kimetoka Lushoto, hata kile ambacho bado kina tope la bonde la Msimbazi kwenye mguu. Usibishane. Sema "nipunguzie, mimi mteja wako", utapewa kwa jero kwa sharti la kutochagua. Safari hii, hata hivyo, lipa buku na uchague, kwa kuwa hununui mboga, unachumbia. Tafuta mashina mabichi, marefu kama kiganja, yasiyo na maua. Shina la mnanaa lina pembe nne; lizungushe katikati ya vidole, litagoma kuzunguka kama penseli ya shule. Ila pembe nne peke yake si ushahidi, kwani mrihani na kivumbasi ni wa ukoo uleule na wana shina lilelile. Niliwahi kulea kivumbasi wiki tatu nikikiita nanaa. Mbu walipungua chumbani, chai ikanishinda kunywa.

Kwa hiyo sugua jani, unuse. Unachotafuta ni harufu tamu, tulivu, isiyochoma pua. Ikikuchoma na kukupoza koo kama pipi kifua, hiyo ni binamu yake, ile minti kali inayokamuliwa mentoli. Mpangaji wa chumba cha pili nyumbani kwetu anasoma famasia Muhimbili, na hawezi kuona mtu ananusa jani akanyamaza. Aliniambia mentoli haipozi kabisa. Inaidanganya tu mishipa ya fahamu ya ulimi, ule mlango unaopokea habari za baridi, na kwamba kugundua mlango huo ni sehemu ya kazi iliyowapa David Julius na Ardem Patapoutian Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021. Nanaa yetu haina udanganyifu huo. Harufu yake inatokana zaidi na kavoni, na kavoni hiyohiyo, ikigeuzwa kama picha kwenye kioo, ndiyo harufu ya kisibiti, ambayo haifanani na nanaa hata kidogo. Akavua kandambili zake akanionyesha: ya kushoto na ya kulia, plastiki ileile, lakini mguu haudanganyiki. Wakati anafafanua hayo alikuwa amekwisha kuchuma majani manne. Huyu kijana mkumbuke, tutamrudia.

Usinunue mbegu. Maduka ya pembejeo yanayolizunguka soko la Kariakoo yatakuuzia mbegu za mchicha, bamia na figiri, na hizo ni mbegu za watu wenye msimamo. Minanaa haina msimamo. Aina zake huchavushana bila kuulizana kabila, na ile minti kali niliyoitaja ni mtoto wa mnanaa wetu na mnanaa wa majini, mtoto ambaye kwa kawaida hazai mbegu kabisa. Ukipanda mbegu hujui atazaliwa nani. Ukipanda shina, unapata mama yuleyule.

Shina hilo likate chini kidogo ya pingili, lipukutishe majani ya chini ubakize manne au sita kileleni, kisha litumbukize kwenye glasi ya maji dirishani, pasipopigwa na jua kali. Kati ya siku saba na kumi utaona vinyuzi vyeupe. Hapa ndipo kilimo kinapokuwa rahisi kiasi cha kuleta kiburi, na ndipo wengi tunapoanza kuwapigia simu ndugu wa mkoani tuwafundishe kulima. Tahadhari ni moja: badilisha maji kila baada ya siku mbili. Mizizi inahitaji kama siku kumi kutokea, na mbu wa dengi kutoka yai hadi kuruka naye anahitaji kama hizohizo. Dar imeshaugua dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Usiwe mtu aliyeotesha vyote viwili kwenye glasi moja.

Sasa chombo. Magazeti ya nyumba nzuri yatakushauri vyungu vya udongo vilivyopangwa kwenye baraza. Baraza yetu ina mzee wa kahawa, birika lake, sinia la kashata na wazee watano wanaoendesha nchi kuanzia saa kumi alasiri. Hakuna pa kuweka chungu. Chukua ndoo iliyopasuka. Beseni lililopasuka ni bora zaidi, maana mizizi ya mnanaa haipendi kwenda chini, inapenda kutambaa pembeni, kwa hiyo upana unaushinda urefu. Kopo la sadolini linafaa kwa miezi michache, halafu mizizi inajisokota humo kama tambi. Toboa matundu chini kwa msumari wa moto. Kama ndoo imepasuka chini tayari, wewe umezaliwa na bahati.

Udongo wa Ilala ni kichanga. Maji yakimwagwa yanapita kama mgeni aliyekosea nyumba. Changanya na samadi iliyooza. Nimesema iliyooza. Mbolea mbichi ya kuku inaunguza mizizi, nami nilijifunza hivyo kwa gharama ya mashina matano ya kwanza. Kiroba changu cha pili cha samadi nilikitoa Buguruni kwa daladala, saa kumi na mbili jioni, na konda alikuwa na maoni.

"Anko, huo mzigo unalipa nauli."

"Sawa."

"Na harufu yake inalipa siti ya dirishani."

Nililipa. Abiria waliitikia "safi sana" kana kwamba wanamwitikia imamu.

Mpaka hapa umefanya mambo ambayo mtu yeyote angeyaweza. Kazi sasa ni kuiweka ndoo uani. Mnanaa unataka jua la asubuhi, saa nne hivi za mwanga, kisha kivuli mchana, kwa maana jua la Februari la Dar linaukausha majani hadi yakunjane kama bahasha. Uani mahali penye sifa hizo ni pamoja tu, na hapo pana kamba ya nguo ya mama mwenye nyumba. Usihamishe kamba. Nenda asubuhi, ukiwa umeoga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ndoo nayo itaanza kulipa kodi lini?"

Mwambie ni nanaa, dawa ya tumbo. Mwambie utamchumia ya chai kila Ijumaa. Ongeza kilo ya sukari na majani ya chai, usiseme ni ya nini. Atakuonyesha mahali palepale ulipopataka, chini ya kamba, na atakuambia ni yeye aliyepafikiria. Kuanzia siku hiyo ndoo yako inanyweshwa pia na matone ya khanga zilizoanikwa, sabuni na vyote. Sabuni kidogo haiui. Kwa kweli maji ya sabuni hafifu ndiyo tunayowapulizia vidukari na utitiri wanapojibanza chini ya majani. Utakuwa na mmea safi kuliko wewe.

Halafu litakuja suala la maji. Bili ya nyumba yetu inagawanywa kwa vichwa, na mwezi wa pili tangu ndoo ifike, dada wa chumba cha kona, ambaye ana dunia nzima ya watoto lakini huhesabiwa kichwa kimoja, alisimama kwenye kikao akasema vichwa viongezwe, kwani kuna mnanaa unakunywa asubuhi na jioni. Hoja ikaungwa mkono. Mimi nikawa vichwa viwili. Ukweli ni kwamba mnanaa unataka udongo wenye unyevunyevu siku zote, lakini hautaki kusimama ndani ya maji, na hitaji hilo linatoshelezwa na maji ya kuoshea mchele na mboga ambayo nyumba nzima huyamwaga mtaroni. Niliwasilisha hoja hiyo kikao kilichofuata. Wakasema maji ya mchele ni ya kuku.

Kuku ni sura nyingine. Kuku wa kienyeji hali nanaa, anachofanya ni kuichakura kutafuta wadudu kwenye samadi yako, halafu anaondoka na kiburi cha mtu aliyekagua mradi. Chomeka vijiti pembezoni mwa ndoo. Usimpige. Kuku wa mwenye nyumba ukimpiga, umejipiga mwenyewe na mkataba wako.

Usije ukaipanda ardhini. Narudia kwa sababu najua utajaribiwa: utaona kona ya uani iliyo wazi, karibu na bafu, udongo umelowa, utasema "hapa itastawi". Itastawi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mnanaa siku ya tatu ndio unaokukabidhi wewe jembe. Unatuma vikonyo chini ya udongo, kila pingili inatoa mizizi na kuanzisha ukoo, na ukikata kipande ukakiacha kimelala, umesaidia. Wangu nilioupanda karibu na bafu ulipita chini ya ukuta ukaenda kumsalimia jirani wa nyumba ya pili, ukaziba mtaro, ukatoa majani mapana kama masikio ya mbuzi. Yalikuwa majani mazuri kuliko yote niliyowahi kuyaona Ilala, na hakuna aliyekubali kuyaweka mdomoni. Hata hivyo siku ya Idi yalipungua, na biriani ya upande wa pili wa ukuta ilisifiwa. Sikuuliza.

Wagiriki wa kale walikuwa na maelezo yao ya tabia hii. Hades, mfalme wa kuzimu, alikuwa na kimada jina lake Minthe. Mkewe Persephone akapata habari, akamkanyagakanyaga hadi akageuka jani, na ndiyo maana jani hilo kila likikanyagwa linanukia zaidi. Niliwasimulia akina mama wa uani. Walimsikitikia Persephone, ila walikubaliana kwamba kosa lake lilikuwa kutomng'oa mzizi.

Sasa twende kwa wezi, ambao ndio kiini cha somo.

Ndoo ya nanaa iliyo uani si mali yako. Unaweza kuwa umeilipia udongo, samadi, nauli ya samadi na siti ya samadi, lakini jani lililo njiani kuelekea chooni ni la kila anayepita. Mwanafunzi wa famasia atachuma akitafuna na kutoa mhadhara. Dada wa kona atachuma ya mtoto mwenye gesi tumboni, kisha ya mtoto mwenye mafua, kisha ya mtoto asiye na kitu ila amewaona wenzake wamepewa. Mama mwenye nyumba atachuma Ijumaa kama mlivyokubaliana, na Jumamosi, na Jumapili kwa sababu wamekuja wageni. Nilivumilia miezi mitatu. Mwezi wa nne nikaiingiza ndoo chumbani, nikaiweka ndani ya nondo za dirisha, nikanunua mkasi mpya na chupa ya kupulizia maji, nikasema sasa tutaona.

Tuliona. Mnanaa usioguswa na mtu uliota mrefu na mwembamba kama kijana wa sekondari, ukaegemea nondo ukitafuta jua, majani ya chini yakageuka manjano yakadondoka, na kileleni ukatoa maua madogo ya rangi ya zambarau. Maua yanapendeza kwa nyuki. Jikoni ni tangazo la msiba, kwani mmea ukishaanza kufikiria uzazi majani yanapoteza utamu na kuwa makakasi. Nilichuma ya chai, nikanywa peke yangu chumbani, chai yenye ladha ya majani ya kufungia tambuu.

Ikanibidi nifikiri. Kila unapokata kilele cha mnanaa juu kidogo ya pingili, machipukizi mawili yaliyokuwa yamelala kwapani mwa majani yanaamka, na shina moja linakuwa mawili. Kata tena, yanakuwa manne. Ile miezi ya wizi ndoo yangu ilikuwa imefumba kama kichaka, haina ua hata moja, na mimi nikadhani ni samadi. Kumbe nilikuwa na vibarua saba wanaokata kila siku bila mshahara, nami nikawafukuza kazi. Nikairudisha ndoo chini ya kamba ya khanga, na safari hii nikatoa semina. Nikawaita uani nikawaonyesha: usivute, unang'oa, usichukue ya chini, ni macho ya mmea, kata kilele, juu ya pingili, asubuhi kabla ya jua kuyachemsha majani, na kwa siku moja usizidishe theluthi ya kilichopo. Mwanafunzi wa famasia akauliza maswali mawili. Dada wa kona akasema, "Kwa hiyo unatuambia tuibe vizuri." Ndiyo, dada.

Ndani ya majuma matatu kichaka kilirudi. Sasa hivi tuna ndoo tano, kwa sababu kila aliyekata kilele alibakiza kipande akakitia kwenye glasi. Tangu mwaka 2021 iliyokuwa Manispaa ya Ilala ndiyo Jiji la Dar es Salaam, kwa hiyo sisi ni wakulima wa Jiji kamili.

Kuhusu jikoni sitasema mengi, kila nyumba ina mwenyewe. Lakini kuna mambo siwezi kuyanyamazia.

La kwanza ni chai. Tumelelewa na mchaichai, na mchaichai unachemshwa hadi uombe msamaha, ndipo unaponoga. Mtu aliyezoea hivyo anaitupa nanaa kwenye sufuria pamoja na maji baridi, anawasha jiko, anaenda kuoga. Akirudi nyumba nzima inanukia, na anafurahi. Harufu anayoifurahia ndiyo iliyokwisha kutoka kwenye kikombe. Kilichobaki ni uchungu wa kijani. Chemsha majani ya chai na sukari kwanza, epua, tupia vichwa viwili vitatu vya nanaa, funika dakika nne. Usifunue kuangalia. Haitoroki.

Chatne inataka nanaa kiasi, giligilani mara mbili yake, pilipili mbuzi, kitunguu saumu, chumvi, sukari chembe, na ndimu. Ndimu itangulie, usingoje mwisho, kwani jani lililopondwa likikutana na hewa linaanza kuwa jeusi papo hapo, na ukali wa ndimu ndio unaolichelewesha. Kinu ni bora kuliko blenda. Blenda inapasha moto, na umeme wenyewe utakatika wakati ndimu imekwisha kuingia. Hiyo chatne ikiwa mezani, bajia za kunde hazihitaji wakili, na mishkaki ya jioni pale mtaani, ile unayoambiwa ni ng'ombe, inakuwa ng'ombe kweli.

Kwenye biriani, kiganja kimoja cha nanaa kwa kilo ya nyama, kikatwe, kiingie kwenye sosi pamoja na mtindi na vitunguu vilivyokaangwa, na kidogo kinyunyizwe kati ya matabaka ya wali. Mgeni akisema biriani inanuka dawa ya meno, umezidisha. Unaweza kumjibu kwamba ni dawa ya meno inayonuka biriani, lakini hatakuja tena.

Pilau ni mwiko. Nasema hivi nikijua nina marafiki wanaoweka. Pilau ina bizari nyembamba, mdalasini, hiliki, karafuu, pilipili manga na kiapo cha bibi yako, haina majani. Mtu anayetia nanaa kwenye pilau ni yuleyule anayetia njegere, na kesho atatia soseji.

Ng'ambo ya daraja la Selander kuna mikahawa inayoweka jani moja la nanaa juu ya kipande cha keki, na jani hilo halili mtu. Mhudumu analileta, mteja analisogeza pembeni ya sahani, mwingine analitupa. Bili imelihesabu. Nikila huko, mara moja kwa mwaka na kwa mwaliko, jani langu nalifunga kwenye leso nalirudisha nyumbani. Lilishawahi kuja na kishina, likaota.

Ukivuna kupita mahitaji, kausha. Funga vishada vidogo, vining'inize kivulini penye upepo, kamwe si juani, maana jua linaondoka na mafuta yote linakuachia nyasi. Giligilani ikikauka imekufa kabisa. Nanaa ikikauka inakuwa mstaafu, bado ina la kusema. Weka kwenye kopo lenye kifuniko. Mwezi wa Ramadhani kopo hilo litakutafutia marafiki.

Baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili, mwaga mmea wote, kata mizizi vipande, rudishia vile vichanga vya pembeni kwenye udongo mpya, cha katikati kitupe, kimeshazeeka. Ukiona vidoa vya rangi ya machungwa chini ya majani, hiyo ni kutu, ugonjwa wa ukungu. Kata mashina yote yenye vidoa yachome, usiyaache uani. Mengine yote mnanaa utakusamehe: kusahauliwa, kukanyagwa, kuhamishwa chumba. Hata mwezi wa mgao wa maji uliponyauka wote nikauhesabu marehemu, mvua za masika zilipoanza ulichipua kutoka kwenye mizizi kana kwamba ulikuwa safarini.

Hesabu zangu ni hizi. Udongo elfu tano, samadi elfu nne, mkasi elfu sita, chupa ya kupulizia elfu tano, sukari na majani ya chai ya mama mwenye nyumba elfu nne, nanaa yenyewe buku. Jumla elfu ishirini na tano, nauli ya konda sijaihesabu kwa sababu bado inaniuma. Hayo ni mafungu hamsini ya jero. Mpaka leo mimi mwenyewe nimevuna kama kumi na mbili. Mengine wamevuna wenzangu, na Jumapili iliyopita biriani ya chumba cha kona ililetwa mlangoni kwangu sahani mbili, moja ya kichwa changu, moja ya kichwa cha mnanaa.

Ndoo yangu ni ya tatu kutoka kwenye bafu, iliyopasuka ubavuni, ina vijiti. Ukipita uani kwetu, msalimie mama kwanza, kisha kata kilele, juu ya pingili. Kama ni ya pilau, pita tu.